Jina Aliliomba, Kifo Hakukiomba

Mtu pekee niliyewahi kumwona akienda nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa ya kuua alikuwa Mwandishi wetu wa Mbugangari, mjini Gisenyi. Alifika na shati lililopigwa pasi, akavua kofia mlangoni, akakataa chai kwa adabu kisha akaikubali, akauliza habari za watoto na za mbuzi na za mvua, na mwisho kabisa akasema: "Mzee, yule mpagazi wangu anayetumia jina la babu yako, nimefika mahali ambapo inabidi afe. Mnaonaje?" Wengi walikubali palepale, wengine hata kwa fahari. Mzee mmoja wa Bugeshi alikataa katakata. Alisema babu yake alikufa kwa homa, kitandani kwake, na hataki kusikia kwamba alipigwa risasi na Mjerumani. Mwandishi alirudi nyumbani akampa yule mpagazi homa.

Alikuwa na jina lake, bila shaka, lakini sisi wote tulimwita Mwandishi, nami sioni sababu ya kubadilisha. Alizaliwa wapi na alikuwa wa ukoo gani, hayo nayaacha, maana hata yeye aliyaacha. Ninachojua ni kwamba alirudi kutoka Tanzania pamoja na wale waliorudi baada ya vita, amebeba taipureta iliyofungwa kwa shuka, na kwamba alikuwa na Kiswahili ambacho sisi watu wa mpakani tulikiita cha redio. Tulikuwa tunamtania sana kwa hicho Kiswahili. Akinunua sambaza kwangu, wale samaki wadogo wa ziwani, alikuwa akisema, "Naomba unipimie kiasi hiki, tafadhali," na wanawake wote wa foleni walikuwa wakigeuka kuangalia kama kuna waziri amefika.

Mimi wakati huo nilikuwa muuza samaki. Nilichukua sambaza kwa wavuvi wa kwetu Nyamyumba, nikapanda nao mjini, nikavuka nao Goma. Ndivyo nilivyoingia katika kazi yake. Alikuwa akiandika riwaya ndefu ya vita, ile vita ya zamani iliyopiganwa hapahapa kwetu, Wajerumani wakiwa upande huu wa Gisenyi na Wabelgiji upande ule wa Goma, na wazee wetu katikati wamebeba mizigo ya wote wawili. Hakuwa na mchapishaji na hakumtaka. Alisema mchapishaji angemwambia aongeze Wazungu. Alichapa kwa taipureta kwenye karatasi za stensili, mimi nikazivusha hadi kwa bwana mmoja wa Goma aliyekuwa na mashine ya kurudufu, na jioni nikarudi na nakala chini ya kapu langu. Kurasa zote zilinuka samaki. Alilalamika kila mara, lakini wasomaji walisema hivyo ndivyo wanavyojua kwamba ni zenyewe.

Aliuza kitabu vipandevipande, vilivyobanwa pini, juu ya meza ndogo karibu na soko. Siku ya soko alisimama nyuma ya hiyo meza akasoma kwa sauti mwanzo wa kipande kipya, kwa ajili ya wasiojua kusoma na wale waliojua lakini hawakutaka kununua. Hao wa pili walikuwa wengi. Walisikiliza hadi alipokatiza, wakaguna, kisha wakaenda kumzunguka aliyenunua ili wasomewe kilichobaki. Mwandishi aliwaona vizuri na hakuwafukuza. Nadhani ilimfurahisha kuliko mauzo.

Riwaya haikumlisha, kwa hiyo aliandika kila kitu kingine. Aliandika kijitabu cha ufugaji wa sungura na akaweka jina lake juu kwa maandishi makubwa kama yale ya riwaya. Aliandika vibao vya baa, hotuba za wajomba wasiojua kusema arusini, na barua za waume wanaoomba msamaha. Hizo za msamaha zilimletea balaa, kwani wanawake wawili walikutana kwenye chemchemi ya maji ya moto ya Nyamyumba, wakaelezana jinsi waume zao walivyobadilika, wakagundua kwamba wote wawili wameombwa msamaha kwa maneno yaleyale, pamoja na ile sehemu ya machozi. Walimfuata mpaka mezani. Yeye alisikiliza kwa makini, kisha akauliza ni sehemu ipi iliwagusa zaidi. Walicheka ingawa hawakutaka.

Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kuuliza. Angeweza kumwuliza mjane ni nini alichokula siku ile alipopata habari, na mjane angeshangaa, akafikiri, akajibu. Lakini ukimwuliza yeye kuhusu mke, au kuhusu miaka ya Tanzania, alikuuliza viatu vyako umevinunua wapi. Nilijaribu mara nyingi, nikaishia kuzungumzia viatu. Aliandika vita usiku na mchana na hakuweza kuangalia kuku akichinjwa. Mwenye nyumba wake, mama mmoja mwenye mzaha mwingi, alikuwa akimwita makusudi: "Muandishi, kuya unishikie kuku kidogo!" Na mlango wa Mwandishi ulifungwa.

Hakuandika njia ambayo hajaipita. Akitaka mpagazi apande Bugeshi, yeye mwenyewe alipanda Bugeshi, na si kupanda mikono mitupu. Alijitwika gunia la viazi kichwani, akapanda nalo, akashuka nalo, ili ajue shingo inauma saa ngapi na mtu anafikiria nini inapouma. Miaka ile milima ya juu haikuwa salama, milio ya risasi ilisikika, na askari walikuwa kila njia panda. Basi wakamkamata. Mkubwa wao akamwuliza viazi anavipeleka wapi.

"Sivipeleki popote," akasema. "Napanda navyo, kisha nashuka navyo."

Jibu kama hilo, wakati kama ule, lingeweza kumpeleka mtu pabaya. Walimweka chini ya ulinzi mpaka alasiri, wakaleta watu wa Mbugangari waseme kama ni kichaa. Walisema ndiyo, wote kwa pamoja, kwa mapenzi makubwa. Alirudi bila viazi. Siku nzima hakutuambia lolote ila kwamba shingo inaanza kuuma mapema kuliko alivyokuwa ameandika.

Sasa nifike kwetu, maana bila habari ya kwetu huyu mtu hamtamjua.

Nilikuwa na mdogo wangu, Habimana. Mwaka ule watu walipovuka kwenda Kongo kwa maelfu, naye alivuka, bado mwanafunzi. Umati uliporudi, yeye hakuwemo. Hakuna aliyemwona akifa na hakuna aliyemwona akiishi. Majirani walimshauri mama afanye matanga, akae siku za kilio kama inavyotakiwa, amalize, apumzike. Mama alikataa. Badala yake aliwapa wachuuzi wote wanaovuka habari za kumpelekea mwanawe. "Ukimuona Habimana, umuambie mbuzi ilizaa." "Umuambie tuliweka mabati mupya." Wachuuzi walipokea, wakavuka nazo, na jioni walirudi bila jibu. Kesho yake alikuwa na habari nyingine. Mimi nilizibeba kuliko wote, na kuna siku nilichoka nazo kuliko samaki.

Mwandishi alipokuja kumwomba jina la Habimana kwa ajili ya mpagazi kijana, alieleza kwa uangalifu kwamba huyo ni mtu wa zamani, wa vita nyingine, mtoto wa muuza samaki wa Nyamyumba. Mama alifurahi hadi akamkaangia sambaza. Alisema jina litembee, watu walitaje. Na kweli lilitembea. Habimana wa kitabu alikuwa mchekeshaji, mwizi wa sukari ya maofisa, na soko zima lilimpenda. Mama hakujua kusoma, ila kila nilipomsomea kipande alikuwa akisema, "Huyo ni yeye kabisa," ingawa mdogo wangu hakuwahi kuwa mchekeshaji hata kidogo.

Kisha Mwandishi akafanya kosa. Yeye aliyekuwa akizunguka na kofia mkononi kuomba ruhusa kwa kila kifo, safari hiyo hakuomba. Mpaka leo sijui vizuri kwa nini. Aliniambia baadaye kwamba aliandika kurasa zile kwa mkupuo, na alipomaliza alidhani ameshakwenda kwetu, kwa kuwa kichwani mwake alikuwa amekwenda mara nyingi sana. Siku ya soko akasimama akasoma: Habimana wa Nyamyumba amepigwa risasi kwenye njia ya Bugeshi, na mama yake bado hajui.

Unajua habari inavyokwenda mpakani. Wanawake waliosikia mezani waliwaambia wenzao kwenye foleni ya Barieri Ndogo, pale wachuuzi wanapovukia mpaka, hao wakavuka nayo, na ilipofika Goma ilikuwa imeshaacha kitabu njiani. Ilirudi mchana ikiwa habari kamili. Nami siku hiyo nilikuwa Goma tangu asubuhi, nauza.

Nilipofika nyumbani niliwakuta wanawake uani, wamekaa chini kimya, vitenge vimefungwa kichwani. Walikuwa wameleta sukari na kuni. Moto wa msiba ulikuwa umeshawashwa. Mama alikuwa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, halii. Mmoja alinishika mkono akasema, "Pole, dada. Balimupiga masasi kule Bugeshi." Nami niliamini. Nikakaa chini pamoja nao. Miaka ile, habari ya namna hiyo hakuna aliyeishangaa.

Ni baadaye, nilipotaka kujua nani aliyeuona mwili, ndipo nilipoanza kuuliza. Huyu akamtaja yule, yule akamtaja yule, mpaka mama mmoja akasema, bila kuona ajabu yoyote, "Mi nilisikia pale ku soko, Muandishi alikuwa anasoma." Nilimwuliza anasoma nini. Alipojibu, nilisimama nikapiga kelele kwamba huyo si wetu, huyo ni wa kitabu. Wanawake wakatazamana. Mama akaniangalia kana kwamba namtukana. Ilinichukua muda mrefu kumweleza, na alipoelewa ndipo alipolia, kwa sauti ambayo sikutaka kuisikia tena.

Mwandishi alifika kabla ya giza, amebebwa nyuma ya baiskeli, amepauka. Hakuomba kiti. Mama alimwambia kwa Kiswahili cha soko, polepole, kila mtu asikie: "Jina uliniomba, mi nikakupatia. Kufa haukuniomba."

Sikuwahi kumwona akikosa swali. Siku ile hakuwa nalo. Alisema, "Ni kweli, mama. Nimekosa," akaenda kukaa na wanaume waliokuwa wakizima moto.

Kesho yake aliacha meza akaenda kusimama Barieri Ndogo. Kila aliyepita kwenda Goma alimwambia: Habimana hajafa, tafadhali waambie na wenzako. Alirudi kesho yake tena, na kesho kutwa. Mwishowe afisa wa uhamiaji akamwita.

"Huyu Habimana ni nani?"

"Ni mpagazi wa Wajerumani."

"Wajerumani gani? Wajerumani iko wapi?"

"Waliondoka zamani, afande. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

"Donc, basi, kama ni mambo ya zamani, kwa nini kila siku unatangaza kama hajafa?"

"Kwa sababu mimi ndiye niliyemwua."

Nilikuwa kwenye foleni, wa nne au wa tano nyuma yake, na kapu langu nililitupa chini nikakimbia mbele. "Ni mutu wa kitabu, afande," nikasema. "Ni mambo ya kuandika tu." Afisa alituangalia mmoja baada ya mwingine. Kisha akasema, "Bon, sawa. Tangaza, lakini kaa kule pembeni, unafunga njia ya watu." Mwandishi akahamia pembeni akaendelea.

Kipande kilichofuata kilisema Habimana alijeruhiwa mguu tu, akaokolewa na bibi mmoja aliyemficha kibandani mwake. Soko lilishangilia. Lakini hapo ndipo kitabu kilipokwama. Nusu yote ya pili alikuwa ameijenga juu ya kile kifo, aliniambia hivyo akiwa amejishika kichwa. Kumwua tena hakuweza. Kumrudisha nyumbani kwa mama yake hakuthubutu pia, maana mama yangu angeuliza, wa kwako amefika, wangu yuko wapi? Basi Habimana akabaki kibandani. Vipande vilikuja na vingine vikafuata, Wajerumani wakakimbia, Wabelgiji wakaingia, na yeye bado amelala na bendeji, anakunywa uji wa yule bibi. Wasomaji walianza kuchoka. "Muandishi, ule mugonjwa hapone?" walimwuliza. Yeye alijibu kwa adabu zake zote kwamba mgonjwa anaendelea.

Mama naye alirudia habari zake. "Umuambie fenesi ya jirani ilianguka." Aliniuliza kila jioni yule wa kibandani anaendeleaje. Nilimjibu kwamba yupo, anakunywa uji, naye alitikisa kichwa, akaenda kulala. Nilimchukia Mwandishi miezi ile, na bado nilimbebea stensili zake. Ingekuwa rahisi zaidi kumchukia kama angejitetea. Hakujitetea hata siku moja.

Mdogo wangu alirudi mchana, siku ya kawaida kabisa. Nilikuwa Goma nauza. Msichana mmoja alikuja mbio kuniambia kuna mutu iko ananitafuta kule Barieri Kubwa, alikuya na lori ya ng'ombe. Nilikwenda bila haraka, nikidhani ni mdai au ni mteja. Nilimkuta amesimama na fimbo, ana ndevu, ananuka ng'ombe. Alisema, "Dada." Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka tulivuka pamoja, na kwamba nilimshika mkono wa shati njia nzima hadi Nyamyumba, mtu mzima yule, na hakuuvuta. Mama alikuwa akianika samaki. Aliangalia, akaendelea kuanika mmoja, wawili, kisha mikono ikaacha. Sitaandika zaidi. Nilipumua siku ile mpaka kifua kikauma, ndipo nilipojua kwamba kwa miaka yote ile nilikuwa navuta pumzi nusunusu.

Alikuwa akichunga ng'ombe wa mtu huko Masisi, ndani Kongo. Alirudi kwa sababu tajiri wake aliuza mifugo, na dereva alikuwa na nafasi.

Mwandishi alikuja Jumapili iliyofuata, shati limepigwa pasi. Hakuwa amekanyaga uani kwetu tangu siku ile ya mkeka. Mama alimpa kiti kabla hajakiangalia. Alikaa, akamtazama mdogo wangu kwa muda, na nilijua kinachokuja. Nilijiandaa kumkatiza, kwa sababu kijana alikuwa bado haongei sana, na kuna mambo ambayo hata mimi sikuwa nimemwuliza.

"Huko Masisi," Mwandishi akasema, "hukuwahi kusikia mtu akisoma habari za Habimana, mpagazi?"

"Hapana, mzee. Kule hakuna mutu anasoma. Kule iko ng'ombe tu."

"Hata kipande kimoja?"

"Kipande cha nini?"

Uso wa Mwandishi ulishuka. Nafikiri moyoni alikuwa ametumaini kwamba kurasa zake ndizo zilizomfikia na kumleta. Kisha kitu kikamshinda, akacheka, akacheka mpaka akatoa kitambaa akafuta macho, na hayakuwa macho ya kucheka peke yake. Hakuuliza kitu kingine. Hakuuliza walikula nini, walilala wapi, nani alikufa njiani. Maswali aliyokuwa nayo yule mtu, na alikunywa chai yake akayameza yote. Kwa hilo peke yake nilimsamehe.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na sahani. Aliitua mezani, akafuta mikono kwenye kitenge, akasema kama mtu anayemaliza biashara iliyochukua muda:

"Muandishi, ule wa kwako, sasa unaweza kumuua. Mi nimekubali. Wangu iko hapa."

Mwandishi alipeleka mkono kichwani kuvua kofia, ingawa alikuwa ameshaivua tangu mlangoni. Ilikuwa magotini, akaishika tu. "Umechelewa, mama," akasema. "Niliposikia lori limefika, nilikaa mezani usiku uleule. Nimemtoa kibandani, amepona mguu, ameshuka Bugeshi, ameingia uani kwa mama yake. Nimeshachapa."

"Na vita?" nikamwuliza. "Na ile nusu nzima ya pili?"

"Hakuna nusu ya pili. Kitabu kimeharibika kabisa, binti," alisema, na sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama yeye alivyokuwa, akivuta sahani ya sambaza karibu na kuanza kula.